Bambo na Bahasha

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchoma magunia. Tajiri mmoja wa mahindi pale Makambako alinikabidhi bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha kali, akaniambia nisimame mlangoni mwa ghala na nisimwamini mtu. Sharti hilo halikunisumbua. Nilizaliwa Njombe, katika nyumba ya wakulima wa viazi, na baba yangu hakununua hata mbegu bila kumwaga gunia zima chini, maana viazi vikubwa hupangwa juu na vile vya ukubwa wa gololi hulala chini vikimsubiri mjinga. Kwetu kuuziwa mbuzi kwenye gunia kulikuwa aibu kubwa kuliko kuibiwa.

Bambo hulichomi juu ya gunia, kwa sababu juu ndiko muuzaji anakotaka utazame. Unalichoma tumboni, au pembeni karibu na chini. Mahindi yanateremka ndani ya chuma mpaka kiganjani. Unayatazama, unayanusa, unang'ata punje moja ujue kama imekauka. Kisha unachomoa, na kwa ncha ileile unazisugua nyuzi za gunia mpaka zirudiane na tundu lijifunge. Hapo hakuna anayeweza kujua kwamba mtu alichungulia. Nilifanya kazi hiyo miaka saba, na nilikuwa hodari.

Tajiri wangu alikuwa mzee wa Kondoa, mtu wa kanzu na kofia, aliyehamia Makambako zamani kwa sababu ya reli na njia panda. Aliipenda tabia yangu ambayo wengine waliiona kero. "Wewe binti," aliniambia siku moja nilipomrudisha dereva mara ya tatu, "ukifika peponi utamwomba malaika kitambulisho." Nilimjibu kwamba malaika wa kweli hatakosa. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

Kiingereza kilinikuta palepale mlangoni. Wanunuzi wengine walitoka Zambia, na tajiri Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, basi nikasukumwa mbele mimi niliyemaliza kidato cha nne. Nikagundua jambo. Mzigo ukiwa mzuri, watu wale walitumia maneno mafupi. Pakiwa na hila, maneno yalirefuka. Neno la silabi tano likitokea nilijua kuna viazi vidogo chini yake, ila sikuwa na chombo cha kulichoma. Nilikuwa nayaandika kiganjani kwa kalamu, na jioni yanafutika na vumbi la mahindi kabla sijajua maana yake.

Hata hivyo nikaanza kuipenda kazi ile ya kusimama katikati ya watu wawili wasioelewana. Nikasikia kuna chuo Dar es Salaam kinachofundisha ukalimani na tafsiri kwa mwaka mmoja, na kinapokea hata watu wazima, mradi hujavuka miaka thelathini na mitano. Mimi nilikuwa na thelathini na miwili. Chuo hicho kilinikaa kichwani nikichoma, nikila, nikisali rozari. Nikiikosa nafasi ile, nilijua, ningezeekea mlangoni mwa ghala nikiwa na vumbi kwenye kope.

Ndipo nikasikia habari za Mwalimu. Alikuwa Mpangwa wa Ludewa, kutoka kwenye vijiji vya wavuvi kule ziwani, amestaafu na anaishi kwa binti yake Makambako. Kila Jumamosi mchana alifundisha katika chumba cha nyuma cha duka la vipuri vya magari. Hakufundisha Kiingereza cha kuombea maji. Alifundisha maneno makubwa tu, yale ya kwenye vitabu na mikataba, na kila neno alilieleza linakotoka: Kilatini, Kigiriki, Kifaransa. Alikuwa na kaunta buku lenye jalada jeusi, limechakaa kingo, na humo ndani yalikuwamo maneno aliyoyakusanya tangu ujana. Tulikuwa wanafunzi saba, na mimi nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu sipendi kukaa mahali nisipoweza kutoka.

Siku ya kwanza aliandika ubaoni "rival". Akasema chanzo chake ni neno la Kilatini la kijito, na kwamba mahasimu wa kwanza walikuwa watu wawili wanaotumia maji ya kijito kimoja. Akageuka. "Nani hapa ana kinyungu?" Karibu wote tuliinua mikono, maana kinyungu, ile bustani ya bondeni tunayolima kiangazi, kila familia ya huku inayo. "Basi mnamjua huyo jirani wa juu, anayeziba maji asubuhi kabla hamjaamka." Darasa likacheka, na mkata tiketi mmoja wa stendi akataja kabisa ukoo wa jirani yake. Mimi sikucheka. Nilijiambia: hii imekaa tamu mno. Mahindi yanayong'aa hivi juu ya gunia nimeyaona.

Simu nilikuwa nayo. Lakini simu niliiuliza neno moja ikanipa majibu matatu, na mwenye majibu matatu kwetu anaitwa dalali. Nilitaka kitabu. Nikamkumbuka Sista mmoja wa Njombe, mlezi wa hosteli niliyokaa nikisoma sekondari, aliyekuwa na kamusi nene kama tofali, yenye asili ya kila neno kwa maandishi madogo ya kuumiza macho. Kila mwisho wa mwezi nilipanda kwenda kumwona mama, basi nikawa napitia kwa Sista na orodha yangu. Sikuchukua maneno yote. Nilichukua sampuli, kama ghalani, na nilichagua yale ambayo Mwalimu aliyapitia haraka.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, Sista."

"Umekuja tena kumkagua mzee wa watu?"

"Akili za kuambiwa, Sista, changanya na zako."

Alinitengea kiti karibu na jiko la mkaa, maana Njombe baridi haina adabu, akaiweka ile kamusi mezani kwa mikono miwili, na mimi nikaanza kuchoma. Mwezi wa kwanza maneno yote yalikuwa sawa. Kijito kilikuwepo. Mwezi wa pili, sawa. Neno "scruple", lile la mtu mwenye wasiwasi wa dhamiri, Mwalimu alisema chanzo chake ni kijiwe chenye ncha, kama kile kinachoingia kiatuni na kukufanya uchechemee, na kamusi ikasema hivyohivyo kuhusu kijiwe. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilizidi kuingiwa na mashaka. Gunia ambalo kila unapochoma linatoa mahindi safi, ama ni la mtu mwaminifu ama ni la mtu anayejua utachoma wapi, na nilikuwa nimekutana na wa pili mara nyingi zaidi.

Nilimkamata mwaka wa pili. Alitufundisha "sincere", neno la mtu mwenye moyo mweupe. Akasimulia kwamba zamani kule Roma wachonga sanamu wasio waaminifu, jiwe likipata ufa, waliujaza nta na kuusugua hadi usionekane. Jua likiwaka nta inayeyuka na ufa unajitokeza. Mchongaji mwaminifu aliuza kazi yake kwa kusema haina nta, na ndipo neno likazaliwa. Ilikuwa hadithi nzuri kuliko zote. Dada mmoja wa duka la simu aliguna kwa utamu. Nami nikaizungushia duara nyekundu kwenye daftari.

Kamusi ya Sista haikuwa na nta. Ilisema linatoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kitu safi, kizima, kisichochanganywa, basi. Nikaomba Sista anitafutie na kitabu kingine, akaenda kuazima kwa jirani yake mwalimu, na hicho kikasema wazi kwamba hadithi ya nta ni ya kutungwa, haina ushahidi. Nilishuka Makambako siku ile nikiwa na furaha ambayo hata sasa naionea haya. Mama alinipa mahindi ya kuchoma ya njiani na sikuyala.

Jumamosi nilisimama mbele ya darasa zima. Sikumvuta pembeni kama ambavyo mtu aliyelelewa angefanya kwa mzee. Nilisoma nilichonakili, polepole, neno kwa neno, na nikamalizia: "Kwa hiyo, Mwalimu, hakuna nta." Nje mtu alikuwa akigonga rimu ya gurudumu. Mwalimu alivua miwani. Akasema hadithi ile alipewa na padri aliyemfundisha katika shule ya misheni akiwa kijana mdogo, na ameifundisha kila darasa tangu hapo, na hakuwahi kuiuliza kwa sababu aliipenda. Kisha akachukua rula, akaikata mistari yote ya hadithi ile kwenye kaunta buku, akaandika pembeni nilichokisoma. "Asante, mwanangu," akasema. Mkata tiketi alinigeukia, akanong'ona kwa sauti ya kusikika: "Dada, na wewe!"

Nilitegemea kununiwa. Badala yake, darasa lilipokwisha, Mwalimu aliniita na kunipa kifurushi cha karatasi ya kaki kilichofungwa kwa kamba ya katani. "Mwisho wa mwezi unapanda Njombe. Mpelekee dada yangu, anakaa karibu na soko." Nilikipokea, na mashaka yakaanza papo hapo. Kwa nini mimi, niliyemwaibisha muda si mrefu? Njia nzima ndani ya basi nilikibonyeza. Kilikuwa laini, kama kitambaa. Kidole changu kilishaingia chini ya kamba. Sikukifungua, na nataka niseme kweli, si kwa uadilifu: abiria wa pembeni, mama mmoja mwenye kapu la parachichi, alikuwa ananitazama.

Yule dada yake Mwalimu, bibi mfupi mwenye sweta mbili, hakukifungua kwanza. Alikigeuza akalitazama fundo, kisha akacheka. "Ni lake. Sisi wa ziwani tunafunga hivi nyavu, watu wa juu hata mkikesha mnajaribu hamliwezi." Ndani mlikuwa na kitenge, basi. Lakini mimi nilitoka pale nimelowa jasho katika baridi ya Njombe. Ningelifungua lile fundo, nisingeweza kulirudisha, na wangejua wote wawili. Je, yule mzee alinitega? Au alikuwa ananituma tu, kama mtu anavyomtuma mtu? Hata leo sijui, na sikuwahi kuuliza.

Wiki chache baadaye alitufundisha "suspect". Akasema ndani yake mna maneno mawili ya Kilatini, chini na kutazama: mtu anayetazama kutoka chini, kwa kuibia. Darasa zima liligeuka nyuma kunitazama. Nilimfuata baadaye nikamuuliza kama alilichagua kwa ajili yangu. "Kila darasa lina mmoja," alisema akifuta ubao. "Asipokuwepo, mwalimu anaharibika." Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa, nikaamua nimetukanwa.

Fomu ya chuo ilikuja nikiwa na miaka thelathini na minne. Ilikuwa mwaka ule au basi. Vyeti nilikuwa navyo, picha nilipiga, tajiri alinipa ruhusa kwa moyo mzito. Kilichobaki ni barua ya mwalimu wa Kiingereza, na maelekezo yaliandikwa kwa wino mweusi tii: bahasha ifungwe na mwalimu mwenyewe, aweke saini yake juu ya kifuniko, nusu huku nusu huku; bahasha iliyofunguliwa haitapokelewa. Kazi ya mkalimani ni kutunza siri za watu, ndivyo fomu ilivyoeleza.

Mwalimu alikaa na ombi langu wiki nzima, kisha akanipa bahasha nyeupe, saini yake ndefu ya kizamani imepita juu ya gundi. "Haya. Ipeleke posta mapema." Alitabasamu, na lile tabasamu ndilo lililonimaliza. Nililitafsiri siku tatu. Mtu uliyemsimamisha mbele ya watu na kumwambia amefundisha uongo maisha yake yote, leo anapewa karatasi inayokwenda kuamua maisha yako, na wewe huruhusiwi kuiona. Wewe ungekuwa yeye ungeandika nini? Mimi nilijua ambacho mimi ningeandika. Ningeweka sifa juu, kubwa kubwa, na chini kabisa, kwa neno refu la upole, ningemzika.

Siku ya tatu, saa sita mchana, wapakiaji wakiwa wamekwenda kula, nilikaa nyuma ya rundo la magunia. Bambo lilikuwa mapajani. Nikaingiza ncha yake chini ya kifuniko cha bahasha, pembeni, kwa mkono ule wa miaka saba usiotetemeka, nikainua. Gundi iliachia vizuri mpaka katikati. Pale penye saini karatasi ikachanika kidogo, upana wa ukucha.

Barua ilikuwa na sentensi saba kwa Kiingereza. Niliisoma kama mkaguzi, nikianzia tumboni na si juu. Sikuona kitu. Nikaanza upya. Ya kwanza ilisema amenifundisha miaka miwili. Ya pili ilisema sijawahi kukubali neno bila kutazama chini yake. Hapo nikasimama, nikajiambia ndiyo hii, sasa anakuja. Ya tatu ilisema kwamba kwa sababu hiyo nimemsahihisha kosa alilolifundisha tangu ujana wake, na kwamba anatamani angekuwa na mwanafunzi kama mimi mapema zaidi. Ya nne ilikuwa fupi. Naiweka kwa Kiswahili: mkimpa kitu kilichofungwa, kitafika kimefungwa.

Zilizobaki sikuzielewa mara moja, macho yalikuwa yamejaa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Hakukuwa na viazi vidogo. Nililipekua gunia lile mpaka sakafuni, na aliyekuwa mbovu ni mimi niliyeshika chuma.

Na mkono wangu, bila kuniuliza, ulikuwa umeshaanza kusugua karatasi kwa ncha ya bambo pale ilipochanika, huku na huku, ili nyuzi zirudiane. Nilisugua muda mrefu kabla sijaona ninachofanya. Karatasi ilizidi kuota manyoya. Nikakimbilia ofisini nikachukua gundi, nikabandika, nikabonyeza kwa jiwe la mzani. Ilishika, lakini saini haikukutana tena. Mkia wake ulikuwa umeshuka chini ya mwili wake kwa unene wa uzi, na mtu yeyote mwenye macho angeona.

Tajiri alinikuta pale mezani. Alitazama bahasha, akatazama bambo, akaelewa yote. Alikaa. "Karatasi si gunia, binti," alisema. "Mrudie mzee, umwambie kweli. Muungwana akivuliwa nguo huchutama."

"Nitamwambia."

Nilimaanisha. Lakini kutoka ghalani hadi nyumbani kwa binti yake Mwalimu ni mwendo wa nusu saa, na nusu saa inatosha mtu kujitafutia nta. Nilipofika alikuwa kibarazani, amefunga koti mpaka shingoni kwa sababu ya upepo wa Makambako, kaunta buku liko mapajani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Umeipeleka?"

"Mwalimu, imepata maji. Mvua ya Njombe. Nilikuwa nayo mkobani, bahasha ikaachia, nikajaribu kuibandika. Naomba nyingine tu, bahasha tu."

Aliipokea, akaigeuza. Akapitisha kidole gumba juu ya gundi yangu, taratibu, kutoka pembe hadi pembe, na pale kwenye saini kidole kikasimama. Niliona anavyouona mpasuko.

"Hii ni nta, mwanangu," akasema.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka.

"Na barua yenyewe imelowa?"

"Hapana, Mwalimu."

Aliitoa. Ilikuwa kavu kama majani ya mahindi ya kiangazi. Akaiweka juu ya meza ndogo, akachukua karatasi nyingine safi, akafungua kalamu, akaanza kunakili. Hakuharakisha. Nilikuwa nimekaa mbele yake, na ghalani nilikuwa nimejifunza kusoma hati za mizigo zikiwa mikononi mwa madereva, juu chini, kabla hawajanikabidhi. Kwa hiyo nilisoma kila neno kalamu ilipoliacha. Sentensi ya kwanza, ileile. Ya pili, ileile. Kwenye ya tatu, ile ya kosa lake, nilidhani atabadili. Hakubadili hata koma.

Kisha akaweka nukta. Macho yake yakarudi kwenye barua ya zamani, yakatua kwenye sentensi ya nne, yakakaa. Kalamu ilikuwa hewani. Nilishika kingo za kiti. Akaweka kidole cha mkono wa kushoto juu ya sentensi ile, kama mtu anavyozuia karatasi isipeperuke, na kwa mkono wa kulia akaandika ya tano.

Alimaliza. Akakunja, akaweka kwenye bahasha mpya, akalamba gundi, akasubiri ikauke, akaweka saini, nusu huku nusu huku. Hakuwa amekasirika. Ningempenda zaidi kama angekasirika. Alinipa bahasha kwa mikono miwili, na baada yake akaikunja na ile barua ya kwanza na kunisogezea.

"Na hii baki nayo," alisema. "Umeshaifungua."

"Mwalimu..."

"Iwahi posta, wanafunga saa kumi. Jumamosi utakuja?"

"Nitakuja, Mwalimu."

Nilikwenda posta nikiwa nimeishika bahasha kwa ncha za vidole, na wala haikunipa taabu kuiacha ilivyo. Nilijua kilichomo na nilijua kisichokuwemo. Karani aliigeuza, akaitazama saini, akaridhika, akagonga muhuri. Chuo kilinichukua. Miaka hii nakaa Njombe natafsiri kwa watu: mikataba ya miti, barua za hospitali, wosia, mambo ambayo wenyewe hawawaambii hata wake zao. Wananiletea zimefungwa na nazirudisha zimefungwa, na wananisifu kwa hilo. Sifa zao nazipokea kwa kuinamisha kichwa, wao wanadhani ni unyenyekevu.

Mwalimu nilimtembelea kila niliposhuka Makambako, na hakuligusia jambo lile hata kwa utani. Barua yake ya kwanza ninayo, ndani ya kamusi. Sentensi ya nne bado inasomeka vizuri. Ilikuwa kweli mpaka saa sita mchana ya siku ile niliyoisoma.